Kuchagua chuo cha udaktari nje ya nchi: anza na siku utakayorudi

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, napokea ujumbe wa aina moja: "Daktari, nimepata nafasi vyuo viwili, kimoja China, kingine Urusi. Niende kipi?" Wengine wanaoniandikia ni wazazi, na mara nyingi wanauliza wakiwa wameshalipa nusu ya ada. Nilisoma China miaka sita, nikarudi Tanzania kufanya utarajali, yaani mazoezi ya kazi hospitalini baada ya shahada, na sasa nafanya kazi katika hospitali ya mkoa. Ninayoandika hapa ni yale ambayo ningependa mtu angetuambia mimi na mama kabla hajauza kiwanja chake.

Wiki yangu ya kwanza ya utarajali nilipangwa zamu ya usiku leba. Saa nane za usiku akaletwa mama mwenye uzazi wa tatu, njia imeshafunguka yote. Mkononi nilikuwa na shahada, alama zangu za anatomia zilikuwa nzuri, na sikuwa nimewahi kumzalisha mama hata mmoja. Chuoni nilisimama nyuma ya wenzangu kumi na wanne nikichungulia, huku mwalimu akizungumza na mgonjwa kwa lugha niliyoielewa nusunusu. Sista mkunga aliyekuwa zamu alinitazama mara moja tu akajua. "Daktari, vaa glovu, njoo upande huu," akaniambia, kisha akaweka mikono yake juu ya yangu. Mtoto alitoka salama. Yule mama alinishukuru mimi, na mpaka leo najua shukrani ile ilikuwa ya sista.

Kwa hiyo usianze na picha za majengo wala jina la jiji. Anza na siku utakayorudi: nani atakusajili, na je, mikono yako itakuwa imeshagusa wagonjwa wangapi?

Hatua ya kwanza: amua unataka kufanya kazi wapi

Shahada ya udaktari haikupi ruhusa ya kutibu. Ruhusa inatoka kwa baraza la nchi utakayofanyia kazi. Tanzania Bara ni Baraza la Madaktari Tanganyika, na Zanzibar ina baraza lake. Kenya ni KMPDC, ambayo waliosoma nje huwafanyisha mtihani kabla ya kuwaruhusu kuanza utarajali. Uingereza ni GMC na mitihani yake ya PLAB. Marekani utapita ECFMG, taasisi inayothibitisha shahada za waliosoma nje, na mitihani ya udaktari ya USMLE.

Jibu la "baada ya kuhitimu nitakuwa wapi?" ndilo linalopunguza orodha ya vyuo. Anayetaka kurudi Tanzania au Kenya na anayeota Marekani hawachagui kwa kipimo kimoja. Ikiwa hujui bado, chagua kama mtu anayerudi nyumbani. Wengi wetu tulirudi, hata tuliokuwa tumeapa kutorudi.

Kuhusu Marekani na Kanada, jambo moja kwa haraka, kwa sababu linawapotezea vijana muda mwingi: huko udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza. Karibu vyuo vyote vya huko havimpokei mtu moja kwa moja kutoka kidato cha sita. Ukiahidiwa njia ya mkato, uliza maswali mengi.

Hatua ya pili: hakikisha chuo kinatambuliwa, kabla hujatoa hata shilingi

Fungua orodha ya vyuo vya tiba duniani iitwayo World Directory of Medical Schools. Ipo mtandaoni na haina malipo. Tafuta chuo chako kwa jina kamili, si kwa jina alilolifupisha wakala. Kisipokuwemo, kiache. Kikiwemo, bado kazi haijaisha, maana orodha hiyo inaeleza tu kwamba chuo kipo. Haithibitishi ubora wake, na wenye orodha wenyewe wanalisema hilo wazi. Anayelenga Marekani asome na maelezo yaliyoambatanishwa na chuo hicho kuhusu ECFMG, na pia miaka ya kuhitimu inayokubaliwa.

Kisha rudi nyumbani. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ndiyo itakayoitambua shahada yako utakaporudi, na ndiyo inayotoa cheti cha kutokuwa na pingamizi kwa anayekwenda kusoma nje. Kiombe kabla ya kuondoka. Liandikie pia Baraza la Madaktari, taja chuo na programu, uulize waliotoka pale wamesajiliwa au la, na masharti ya mtihani wa kabla ya utarajali kwa waliosoma nje yakoje kwa sasa. Masharti hayo hubadilika, kwa hiyo usitegemee alichoambiwa kaka yako miaka mitano iliyopita. Jibu la barua pepe lichapishe, ulihifadhi.

Hapa pana mtego ambao umewaliza wengi. Tanzania hutaka mwombaji wa udaktari awe amefaulu Fizikia, Kemia na Biolojia kwa kiwango kilichowekwa. Wapo vijana waliokosa alama hizo, chuo cha nje kikawapokea kwa mikono miwili, wakasoma miaka sita na kufaulu vizuri. Waliporudi, swali la kwanza halikuwa shahada yao, lilikuwa cheti cha kidato cha sita. Chuo cha nje kukupokea hakufuti sharti la nyumbani. Kama alama hazikutosha, nenda TCU uulize njia inayokubalika ya kujiendeleza kabla hujapanda ndege.

Kwa China kuna jambo la ziada. Wizara ya Elimu ya huko iliweka orodha ya vyuo vilivyoruhusiwa kuwafundisha wageni udaktari kwa Kiingereza, na kwa miaka mingi idadi yake imetajwa kuwa 45. Chuo kinaweza kuwa kikubwa na chenye heshima lakini hakina ruhusa ya programu hiyo. Omba orodha ya mwaka unaoomba nafasi, usikubali ya zamani.

Hatua ya tatu: uliza lugha ya mgonjwa

Usiulize lugha ya darasani peke yake, uliza ya mgonjwa. Ningepewa ruhusa ya kuuliza swali moja tu kuhusu chuo chochote, ningeuliza hili.

Miaka miwili au mitatu ya mwanzo ya udaktari ni vitabu, maabara na miili ya kujifunzia anatomia. Hapo Kiingereza kinatosha, na vyuo vingi vya China, India na hata Urusi vina madarasa ya Kiingereza. Baada ya hapo unaingia wodini, na mgonjwa wa Wuhan anaeleza maumivu yake kwa Kichina, tena cha mtaani kwao. Mgonjwa wa Kazan anaeleza kwa Kirusi. Bibi wa kijiji cha karibu na Bangalore anaweza asijue Kiingereza wala Kihindi. Daktari hujifunza kwa kuchukua historia ya mgonjwa, kumkagua, kukosea mbele ya mwalimu na kusahihishwa. Usipoelewa lugha, unabaki mtazamaji, na hakuna mtihani wa karatasi utakaoziba pengo hilo.

Sisemi usiende. Nasema uende ukiwa umelipanga hilo. Urusi, Uturuki na Cuba wanafunzi wengi wa ufadhili hutanguliwa na muda wa kusoma lugha, mara nyingi mwaka mzima. Wengi huuona mwaka huo kama uliopotea. Mimi nauona ndio utakaokufanya daktari, na ningekuwa na nafasi ya kurudia ningeuchukua kwa furaha. Kwa wa China, vyuo vingi hudai HSK, mtihani wa lugha ya Kichina, daraja la nne kabla ya kuingia kliniki au kuhitimu. Usisubiri udaiwe. Anza mwaka wa kwanza, na jifunze hasa maneno ya mwilini: kuuma, kuchoma, kubana, kuanzia lini, maumivu yanaongezeka ukifanya nini.

Zanzibar ilipoanza kusomesha madaktari wake mwaka 2007 kwa ushirikiano na Cuba, walimu ndio waliokuja visiwani. Wanafunzi wakajifunza kwa wagonjwa wanaoongea Kiswahili chao. Nadhani pale kulikuwa na hekima kubwa kuliko wengi tunavyoona.

Ukishapata jibu la lugha, endelea na haya, na mwulize mwanafunzi wa mwaka wa tano, si ofisi ya udahili: Hospitali ya mafunzo ni ya chuo au imekodiwa? Mnakuwa wangapi kwa mgonjwa mmoja? Mgeni anaruhusiwa kumchukua mgonjwa damu ya vipimo, kuweka mrija, kushona kidonda, kuzalisha, kushika kisu upasuaji mdogo, au anaangalia tu? Mwaka wa mwisho wa kliniki unafanyika hapo hapo au mnaambiwa mkatafute wenyewe nyumbani? Akikujibu "tunaangalia", andika neno hilo kwa kalamu nyekundu.

Hatua ya nne: usiruke nyumba ya jirani

Kabla hujahesabu tiketi ya Beijing, angalia karibu. Kama una nafasi MUHAS, KCMC, Bugando, Dodoma au chuo kingine cha nyumbani kinachotambuliwa, ipokee. Huo ndio msimamo wangu na sitaupunguza makali. Unasoma miaka mitano, unafanya mwaka mmoja wa utarajali, na tangu mwaka wa tatu unawaona wagonjwa wale wale utakaowatibu: malaria kali ya mtoto, selimundu, kifafa cha mimba, kifua kikuu.

Ukikosa nyumbani, fikiria Uganda na Kenya kabla ya mbali. Makerere imesomesha madaktari tangu miaka ya 1920, na Mbarara ina chuo cha serikali kilichojengeka juu ya udaktari. Programu ya Uganda ni miaka mitano kabla ya utarajali. Mabaraza ya madaktari ya Afrika Mashariki yana utaratibu wa kukagua vyuo kwa pamoja na kutambuana, na hilo hurahisisha kurudi. Wodini utahitaji Kiganda au Kinyankole, lakini kwa mzungumzaji wa lugha ya Kibantu si mlima wa kutisha kama Kirusi. Angalia tu kwamba chuo mahususi unachokitaka hakina zuio la udahili kwa mwaka huo, kwa sababu ukaguzi huo umewahi kusimamisha vyuo.

Hatua ya tano: piga hesabu ya miaka yote

Familia nyingi hupiga hesabu ya mwaka wa kwanza, halafu wanamwachia Mungu mingine mitano. Chukua karatasi, chora mistari ya kila mwaka mpaka wa mwisho.

Kwanza hesabu miaka yenyewe. India ni mitano na nusu, ikiwamo mwaka wa mazoezi. China ni sita. Urusi na Uturuki ni sita, na mmoja zaidi wa lugha ukihitajika. Kisha ongeza mwaka wa utarajali nyumbani, kwa sababu usitegemee kwamba mwaka wa kliniki ulioufanya nje utachukua nafasi ya huo wa nyumbani.

Kila mwaka uandikie ada, bweni, chakula, bima, kibali cha ukaazi, vitabu na nguo za baridi. Uliza kama ada hulipwa pia mwaka wa mazoezi. Mahali pengine hulipwa yote. Tiketi ya ndege iwekee angalau safari moja katikati, kwa sababu huwezi kukaa miaka sita bila kuiona familia, na pia utahitaji kuja kufanya kliniki nyumbani, jambo nitakalolieleza mwishoni. Usijaze pengo kwa kusema "atafanya kazi huku anasoma". Viza ya mwanafunzi mara nyingi hairuhusu hivyo hivyo tu, na masomo yenyewe hayakuachii muda.

Halafu ongeza nafasi ya sarafu kupanda. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,300. Katikati ya 2024 ilishapita 2,600. Ada ya dola 4,000 isiyopanda hata senti moja ilitoka milioni 9.2 ikawa zaidi ya milioni 10.4. Kwa mwalimu wa shule ya msingi anayemsomesha mwanawe, tofauti hiyo ni miezi ya mshahara. Ukipiga hesabu, weka moja ya tano juu ya jumla yote. Hesabu ikivunjika hapo, ni heri ivunjike mezani kwenu kuliko mwaka wa nne ukiwa Harbin, China.

Ufadhili upo. Serikali za China, Urusi na Uturuki hutoa nafasi kila mwaka, na Wizara ya Elimu hutangaza zile zinazopitia kwake. Soma masharti kwa makini: ufadhili wa ICCR, baraza la serikali ya India la uhusiano wa kitamaduni, kwa mfano, hauhusishi udaktari, na kila mwaka kuna watu wanaoambiwa vinginevyo. Uliza pia kama ufadhili unalipia miaka yote, na ukifeli somo moja unakuwaje.

Hatua ya sita: fikiria siku mambo yakiharibika

Machi 2020 China ilifunga mipaka, na wanafunzi waliokuwa nyumbani likizo walisoma udaktari kwenye simu kwa zaidi ya miaka miwili. Tarehe 24 Februari 2022 vita viliwakuta wanafunzi wetu Kharkiv na Sumy, Ukraine, wengine wakatembea kwenye theluji kuelekea mpakani. Tarehe 15 Aprili 2023 ikawa zamu ya Khartoum, Sudan, mji uliokuwa umependwa na familia nyingi za pwani kwa masomo yake. Baadhi ya wanafunzi wa udaktari wa huko baadaye walipokelewa Kigali kuendelea na masomo. Walioumia zaidi ni wale waliotoka bila karatasi yoyote ya kuonyesha wamefika wapi.

Uliza chuo: mwanafunzi akilazimika kuhama, anapewa nakala ya matokeo na mtaala ndani ya muda gani? Na wewe, kila muhula ukiisha, omba matokeo yenye muhuri, uyapige picha, uyahifadhi mahali pawili. Tuma nakala moja kwa mzazi.

Hatua ya saba: wakala

Wapo mawakala waaminifu, na wamewasaidia watu wasiojua pa kuanzia. Lakini elewa analipwaje: mara nyingi chuo humpa kamisheni kwa kila kichwa anachokipeleka. Kwa hiyo anakuonyesha vyuo vinavyomlipa, si vinavyokufaa. Hakikisha amesajiliwa TCU. Barua ya udahili ithibitishe mwenyewe kwa kuandikia ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kwa anwani iliyo kwenye tovuti ya chuo. Ada iende kwenye akaunti ya chuo, si ya mtu. Vyeti halisi usimwachie hata kwa siku moja. Na kwa wanaokwenda China, usikate tiketi kabla hujaishika fomu ya kuombea viza ya masomo, JW202 (au JW201 kwa mwenye ufadhili wa serikali ya China), na viza ya X1, ile ya masomo ya muda mrefu. Ukipewa viza ya matembezi ukaambiwa "tutabadilisha huko huko", kataa.

Hatua ya nane: ongea na watu watatu

Mtafute mmoja anayesoma pale sasa, mmoja aliyehitimu na ameshasajiliwa nyumbani, na mmoja aliyeacha. Huyo wa tatu ni mgumu kumpata na ndiye mwenye habari nyingi kuliko wote. Jumuiya za wanafunzi Watanzania zipo katika miji mingi ya nje, na ukiomba kwa adabu watakuunganisha. Usiulize "chuo ni kizuri?" Kila mtu husema kizuri. Uliza: wiki iliyopita ulimgusa mgonjwa mara ngapi? Mlioanza pamoja mlikuwa wangapi, mmebaki wangapi? Uliporudi, ilichukua miezi mingapi mpaka kupangiwa utarajali? Ulipougua, nani alikuja kukuona?

Hilo la mwisho msilichukulie jepesi, wazazi wangu. Kijana wa miaka kumi na tisa, kwenye mji wenye baridi kali, amefeli mtihani wa kwanza maishani mwake na anaogopa kuwaambia kwa sababu anajua shamba limeuzwa. Nimewaona, na mmoja wao alikuwa chumba cha pili kutoka changu. Mwambieni kabla hajaondoka kwamba anaweza kupiga simu na habari mbaya.

Ukishachagua

Beba cheti cha kuzaliwa cha RITA, vyeti vya NECTA na kadi ya homa ya manjano, vyote na nakala zilizothibitishwa. Fungua daftari la kliniki siku ya kwanza ya kuingia wodini, hata kama chuo hakikudai: tarehe, ugonjwa, ulichofanya kwa mkono wako, sahihi ya aliyekusimamia. Usiandike jina la mgonjwa.

Na likizo ndefu za kuanzia mwaka wa tatu, zile ambazo wenzako watazitumia kutembea, rudi. Mwandikie mganga mfawidhi wa hospitali ya rufaa ya mkoa wenu barua fupi yenye muhuri wa chuo chako, uombe wiki sita za mazoezi. Omba leba kwanza, kisha wodi ya watoto. Fika asubuhi kabla ya raundi, msalimie sista wa zamu, mwambie ukweli kwamba hujawahi kuzalisha, na umwombe akufundishe.